Vituo Vinane vya Ukumu

Mwezi uliopita nilipanda lori la mbao hadi Komanda kumzika Ukumu. Nilipofika jeneza lilikuwa bado sebuleni, nikakaa kwenye benchi pamoja na wachuuzi wa maharagwe na madereva waliomfahamu katika miaka yake ya mwisho. Walisimama mmoja mmoja kumsifu. Mmoja alisema mizani ya Ukumu haikumdhulumu mtu. Mwingine alisema hakuwa mtu wa ngoma: hata kwenye arusi ya binti yake Furaha alibaki kitini akitazama miguu ya wenzake. Watu walicheka kwa upole, kama inavyochekwa kasoro ndogo ya marehemu. Mimi sikucheka. Nilimjua Ukumu alipokuwa na miaka thelathini, kabla hajahamia Komanda, na nilijua kwamba mwili ule uliwahi kutazamwa na watu waliosimama kimya. Padri akauliza kama yuko mwingine mwenye neno. Nilikuwa nalo. Nilitazama saa yangu, nikanyamaza. Hapa ninaandika nilichopaswa kusema pale, na ninakiandika kwa mpangilio kwa sababu sijui kufanya jambo kwa njia nyingine, ingawa mpangilio ndio uliomharibu.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na chumba kimoja mjini Bunia, nyuma ya soko, chenye sakafu ya saruji na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Nusu ya chumba ilikuwa kitanda, nusu ilikuwa meza ya kazi: redio zilizofunguliwa matumbo, waya, risasi ya kulehemu, na harufu ya utomvu ulioungua ambayo iliingia hata katika mkate. Sikufundishwa redio na mtu. Nilijifundisha kwa vitabu viwili vya Kifaransa na kamusi isiyo na jalada. Njia yangu ilikuwa hii: redio iliyokufa haitazamwi yote kwa mara moja. Unaigawa katika hatua. Unapima hatua ya kwanza. Ikiwa nzima unasimama, unaandika, ndipo unakwenda ya pili. Huruki. Kwa njia hiyo nilifufua redio ambazo mafundi wenye diploma walikuwa wamezikataa, na kwa njia hiyo nikaja kuamini kwamba hakuna kazi ya mkono isiyoweza kugawanywa na kujifunzwa kipande kwa kipande. Nikiwaza leo, uhakika ule unanitia aibu kuliko makosa yangu mengine ya ujana. Lakini ulikuwa umenilisha miaka minne, na sikuwa na sababu ya kuushuku.

Redio ndiyo iliyonipeleka kwenye Serkle. Hivyo ndivyo tulivyoiita ile nyumba ndefu ya Wazungu wa zamani, yenye baraza na baa, na nyuma yake uwanja wa gofu ulioteremka kuelekea bondeni. Wakati wa Wabelgiji mashimo yalikuwa tisa. Mwaka ule yalibaki sita, mengine yalikuwa yameshakuwa mashamba ya mihogo. Kuzunguka kila shimo hapakuwa na majani bali mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ya injini ili upepo usiupeperushe, na wachezaji walirudi barazani na viatu vyeusi. Hawakuzidi kumi: daktari, wafanyabiashara wawili, wakuu wa ofisi, na kila Jumamosi mhandisi mmoja wa machimbo ya dhahabu aliyeshuka kutoka Nizi katika gari lililojaa vumbi jekundu. Kila mtu alimwita Enjeniere. Mimi nilikuwa nikitengeneza redio ya baa, iliyokuwa ikifa kila baada ya wiki mbili, na saa sita nilipewa sahani ya wali na maharagwe, nikala barazani nikiwatazama wakata majani.

Walikuwa watano, wakikata kwa kupekupe, kile chuma kirefu kilichopindwa nchani. Walisimama mstari mmoja. Wa kwanza aliimba, wenzake waliitikia, na vyuma vitano vilipanda na kushuka pamoja, kila mtu akipiga hatua moja kwenye neno lilelile la wimbo. Ukumu alikuwa wa tatu. Alikuwa mtu wa upande wa Mahagi, mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyoonekana mirefu kupita kiasi. Kabla chuma hakijashuka, kisigino chake cha kushoto kiliinuka kidogo, kisha kikatua, na kooni kukamtoka mlio mdogo, mmm, kama wa mtu anayeonja mchuzi. Majani yaliyokatwa naye yalilala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Niliyaona hayo yote. Niliyaona vizuri sana, na sikudhani yana maana yoyote.

Jumamosi moja Enjeniere alikuwa akipiga vibaya. Mipira mitatu ilikwenda kwenye mihogo, wa nne ukapita karibu na miguu ya wakata majani, nao wakacheka. Akawaendea, uso mwekundu, akamnyooshea Ukumu fimbo yake ya gofu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha machimboni.

"Weye unacheka? Piga weye!"

"Ukumu, angalia, usiue muzungu!" mmoja akapiga kelele.

"Kata tu! Fanya kama ni majani!"

Ukumu alifuta mikono kwenye kaptula. Hakuuliza ashike vipi. Kisigino kikainuka, kikatua, mmm, na mpira ukapita juu ya mikaratusi, ukakaa hewani muda mrefu hata daktari akainuka kitini barazani ili auone ukianguka. Kisha Enjeniere akacheka, cheko la mtoto, mikono kichwani. Akamwekea mwingine, na mwingine. Saba ilipigwa, saba ikapita mikaratusi. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko. Nilifurahi, na chini ya furaha nilihisi jambo nililochukua miaka kulipa jina: hakuna mtu aliyewahi kucheka vile kwa redio niliyoitengeneza mimi.

Baada ya Jumamosi tatu Enjeniere alimwita Ukumu chini ya baraza, nami nikasikia yote nikiwa nimeinamia redio. Uwanja wa Nizi ulihitaji moniteri, yaani mtu wa kuwafundisha mchezo vijana wa kampuni. Wakurugenzi wangekuja Bunia siku ya Pentekoste. Wakimwona na kumkubali, angepata nyumba ya matofali katika kambi ya kampuni, na Furaha, aliyekuwa na miaka sita, angeingia shule ya kambi. "Siku ile weye piga tu," Enjeniere alisema. "Usiweke kitu ingine. Piga tu." Nililisikia neno hilo. Nikaliona ni neno jepesi la mtu aliyezaliwa akiyakuta mambo tayari, asiyejua jinsi yanavyopatikana.

Jioni ile nilimsindikiza Ukumu hadi njia panda. Alikuwa akizungumza juu ya nyumba: atafuga kuku, mke wake atapanda mboga ya lengalenga nyuma ya jiko. Nilimwacha amalize.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "moniteri ni mwalimu. Mwalimu anaulizwaka maswali. Wakikuuliza juu ya nini mpira unaruka, utajibu nini?"

Akafikiri. "Nitasema: nimeupiga."

"Batakucheka."

"Basi nifanye nini, Fundi?" akauliza.

Asubuhi ya siku ile hakuwa na woga ule. Mimi ndiye niliyempa.

Katika kabati la baa kulikuwa na kitabu cha gofu cha Kifaransa, kilichoachwa na Mbelgiji fulani, kimeliwa na mchwa pembeni. Niliomba nikiazime. Katikati yake kulikuwa na picha nane za Mzungu mwenye tai na sweta, akiwa na fimbo yake katika hali nane tofauti, na juu ya kila picha mistari myeupe: bega hapa, kiuno hapa, goti hapa. Nikahisi kama mtu aliyepewa mchoro wa redio. Nilikaa siku tisa nikitafsiri maelezo katika daftari la shule, kila neno. Sikuwahi kuona mchezaji wa kweli, si kwenye filamu wala kwa macho. Niliowaona ni daktari na wakuu wa ofisi waliopiga kama watu wanaoua nyoka. Kwangu picha zilikuwa nane kwa sababu hatua zilikuwa nane. Mtu afike ya kwanza, asimame, apimwe. Ikiwa sawa, aende ya pili.

Nilichora nyayo kwenye sakafu ya chumba changu kwa chaki, na ukutani mistari ya bega na kiuno kwa kipimo cha mwili wa Ukumu. Alikuja kila siku baada ya kazi, akinuka majani mabichi. Kwa kuwa dari lilikuwa chini, nilikata mti wa ufagio ukawa fimbo fupi. Nilikaa kitini na daftari magotini. "Un," nikasema, moja kwa Kifaransa cha kitabu, naye akasimama kwenye un. Niliinuka, nikampima kwa kamba, nikakaa. "Deux." Kisigino kikainuka. "Kisigino kinakaa chini, Yaya. Tazama picha." Akakiweka chini. "Na ile sauti ya kooni, acha. Inakupotezea hesabu." Akaiacha. Katika wiki ya kwanza vilirudi, kisigino na sauti, kama watoto wanaofukuzwa jikoni. Wiki ya tatu havikurudi. Ninataka kusema wazi kwamba Ukumu hakuwa mwanafunzi mbaya. Mtu mvivu angeniokoa. Yeye alijifunza kila kituo mpaka kikawa kizuri kuliko picha. Akisimama kwenye quatre, kituo cha nne, ungeweza kumpigia mstari kwa rula.

Mvua za Machi ziliharibu barabara ya Nizi, na Enjeniere hakushuka Bunia kwa wiki saba. Alikuwa amemwachia Ukumu fimbo moja ya zamani na mipira, na Jumapili tulikwenda uwanjani sisi wawili. Mpira haukupita mikaratusi. Ulifika nusu, kisha ukawa haufiki nusu. Ukumu alinitazama baada ya kila pigo kama mgonjwa anavyomtazama nesi anaposoma kipimo cha homa. "Redio ikiwa wazi haiimbi," nilimwambia. "Tukimaliza tutaifunga, utasikia." Nilisema hivyo kwa utulivu. Moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa, lakini nilikuwa nimefika kituo cha sita, na sikuwahi kuacha redio katika hatua ya sita.

Ishara zilikuwepo mahali pengine pia, na nilizisikia kwa masikio yangu. Siku moja nilikuwa barazani wakati mstari wa wakata majani ulipopita. Wimbo uliendelea, vyuma vinne vikashuka, kisha kimoja.

"Ukumu!" aliyekuwa nyuma yake akapiga kelele. "Weye unakata majani ao unangojea foto?"

"Muache, siku hizi yeye ni sanamu ya kanisa. Mutamupelekea mishumaa."

"Mi nataka vidole vyangu! Akae mwisho ya mustari!"

Wakamhamisha mwisho. Alicheka pamoja nao. Nyumbani kwake, nilipoalikwa kula, mke wake, Mama Furaha, aliweka bugali na samaki wa Kasenyi katikati ya mkeka na kusema, kana kwamba anaongea na bakuli: "Huyu baba sasa anahesabu ata akinawa mikono. Un, deux, trois. Mutoto naye anamufuata." Furaha akasimama papo hapo, mkono juu, akahesabu mpaka nane, akibadilisha umbo kila namba. Tulicheka sote. Nakumbuka nilijivuna: hata mtoto alikuwa ameshika mfuatano.

Siku ya Pentekoste ilikuwa ya jua kali baada ya mvua. Wakurugenzi watatu walikaa barazani na bia zao. Katibu wa Serkle, aliyemwita kila mtu sitwayeni, yaani raia, alikuwa ameamuru viti vipakwe rangi, na rangi haikuwa imekauka. Wakata majani wanne walikuja na mashati ya kanisani, wakasimama pembeni. Mama Furaha alisimama nao, amefunga kitenge kipya. Mimi nilijiweka hatua kumi nyuma ya Ukumu, daftari mfukoni. Enjeniere alimpa fimbo yake mwenyewe, akamgonga bega.

Ukumu aliweka nyayo zake mahali pasipo na chaki, akaziangalia, akazisogeza kidogo. Niliona midomo yake. Un. Deux. Fimbo ilipanda ikasimama. Trois. Quatre. Kutoka barazani mtu mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Ukumu alimaliza vyote vinane bila kukosea kimoja, na mpira ukabingirika kwenye majani aliyoyakata mwenyewe, ukasimama kabla ya kufika kwenye kivuli cha mikaratusi. Wa pili ukafuata. Wa tatu fimbo iliugusa kwa juu tu, ukazama kwenye matope.

Enjeniere alimkaribia. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu. "Fanya kama zamani."

"Ndiyo, Bwana." Ukumu alijaribu. Nilimwona akiutafuta mwili wake wa zamani, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe akitafuta mlango. Kisigino kiliinuka, kikachelewa, kikashuka mahali pasipo pake. Mpira ulikwenda kando, kwa watu.

"Nani alikugusa?" Enjeniere akauliza. "Nani amekufundisha hii? Kama iko mutu, sema. Nitawaambia bale bakubwa bangojee. Nitasema mutu aliharibu, tutatengeneza. Mwezi mbili, mwezi tatu. Sema."

Ukumu alikuwa amenipa mgongo. Hakugeuka. "Hakuna mutu, Bwana," akasema. "Ni miye mwenyewe."

Enjeniere akainua macho, akatazama watu waliokuwa nyuma yake, akiwemo mimi. Macho yake yalikaa kwangu kwa muda uliotosha kabisa kwa mtu kusema maneno mawili. Nimeupima muda ule mara nyingi tangu hapo. Nilikuwa na maneno mawili: ni mimi. Niliwaza kuhusu redio ya baa, wakuu wa ofisi walioniletea redio zao, jina langu la Fundi. Nikatazama chini. Enjeniere akachukua fimbo yake mikononi mwa Ukumu, akaifuta matope kwa kitambaa na kurudi barazani, ambako wakurugenzi walikuwa wameanza kuzungumza juu ya chakula.

Hakuna moniteri aliyepelekwa Nizi mwaka ule, wala baadaye, kwa kadiri ninavyojua. Ukumu aliendelea kukata majani hadi Agosti. Wenzake walijaribu kumrudisha katikati ya mstari, wakaimba polepole kwa ajili yake, ikashindikana. Siku moja kupekupe yake ilimkata mwenzake wa mstarini kifundoni, jeraha dogo, na kesho yake hakurudi kazini. Mwisho wa mwaka alihamia Komanda na familia yake, akaanza kununua maharagwe kwa watu wa njia ya Mambasa. Tulionana mara chache, kwenye malori. Tuliulizana habari za watoto. Miaka kadhaa baadaye, mfanyabiashara mmoja alileta Bunia mashine ya video, nami nikaitwa kuiunganisha. Kwenye kanda aliyoijaribia kulikuwa na mchezo wa gofu wa Ulaya. Nilimtazama mchezaji mmoja akipiga. Hakusimama popote. Nilirudisha kanda nyuma mara nne nikitafuta vile vituo, na mwenye nyumba akaniuliza kama mashine ina kasoro.

Lakini ile Pentekoste ilikuwa bado mbichi, wiki mbili tu zilikuwa zimepita, nilipokwenda nyumbani kwa Ukumu Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu, nimeiandika na kuikariri: Yaya, kosa ni langu, kesho nitapanda kwenda Nizi kumwambia Enjeniere. Niliamini bado kuna nafasi, na nadhani ilikuwepo. Mama Furaha alitukaribisha mkekani, akaweka sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, na bugali, akatumiminia maji ya kunawa bila kunitazama. Ukumu alinawa. Hakuhesabu. Nikafungua kinywa, naye akanitangulia.

"Fundi, nimefikiri sana. Miye ndiye nilikosea. Weye ulinionyesha vizuri, na miye mbele ya bakubwa nikaogopa, nikasahau. Iko pale kwa cinq, ile ya tano. Kiwiko. Nilisikia kabisa hakikunyooka. Nionyeshe tena, nisikufe bila kujua."

"Baba Furaha, kula kwanza," mke wake akasema. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Fundi. Muache akule."

Ukumu alikuwa ameshasimama. Alikausha mikono kwenye suruali yake ya misa, akachukua mti wa ufagio uliokuwa mlangoni, akapanga nyayo, akapandisha mikono hadi cinq na kusimama pale, akingoja, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Sentensi yangu ilikuwa bado kinywani, nzima, kila neno mahali pake. Nikainuka. Nikazunguka nyuma yake, nikamshika kiwiko cha kushoto kwa vidole viwili, nikakinyoosha.

"Hapa," nikasema. "Sasa iko sawa."